Mzee Futi, Mpimaji wa Sebule za Watu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu, saa kumi alasiri, Mzee Futi atakabidhi ngazi ya kazini, drili moja, na funguo za gari ambalo hadi majuzi yeye peke yake alijua linavyowashwa. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya vyombo vya sauti na picha kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Afisa utumishi ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, kwa kuwa mimi ndiye dada wa simu katika Kitengo cha Ufungaji, na malalamiko yote dhidi yake yalipitia sikioni mwangu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Kumbukumbu ninazo, zimejaa madaftari sita.

Ieleweke mapema kwamba kitengo chenyewe kilipangwa kustaafu pamoja naye. Barua ilitufikia miezi mitatu iliyopita: Mzee akiondoka, ufungaji unafutwa, na mteja atapewa boksi, kijitabu cha maelezo na tabasamu. Sisi tunaobaki, yaani mimi na fundi msaidizi tunayemwita Mama Pacha, tungepangiwa "majukumu mengine", maneno ambayo kila mwajiriwa akiyasoma huanza kukusanya vikombe vyake. Mzee mwenyewe hakuwa na la kupoteza. Alichotaka kabla ya kuondoka ni kimoja tu, Mama Pacha arithi kazi. Alikuwa amemfundisha miaka tisa, na hakuwa tayari kuona ujuzi ule unapelekwa stoo kuhesabu maboksi.

Jina lake halisi liko kwenye faili. Hilo la Futi limetokana na futi ya chuma inayoning'inia kiunoni mwake, ambayo huchomoa hata kabla salamu hazijaisha. Alianza kama mpakuaji wa mizigo, akahamia meza ya kutengeneza redio kaseti, kisha televisheni zile zenye mgongo. Risiva za sinema ya nyumbani zilipoingia, alipelekwa kozi ya siku nne akarudi na maswali ambayo mwalimu wa kozi bado anayatafutia majibu. Kwa ndugu zetu wa idara nyingine, risiva ni kile kisanduku kinachopokea sauti na picha kutoka vyombo vyote vya sebuleni, kikapeleka picha kwenye televisheni na kuigawia kila spika sehemu yake. Ni kazi ya uongozi, na kama viongozi wengine kinataka hewa ya kutosha na hakipendi kufungiwa kabatini.

Katika mauzo anashikilia rekodi ambayo haijavunjwa na, Mungu akipenda, haitavunjwa: hakuna mfanyakazi aliyewahi kuwashawishi wateja wengi kama yeye wanunue kitu kidogo kuliko walichokuja kununua. Bwana mmoja aliingia dukani akitaka risiva ya wati elfu moja. Mzee akampa karatasi na kalamu, akamwambia achore sebule yake. Bwana akachora. Ilikuwa sebule ambayo ukinyoosha miguu kidogo unaizima televisheni kwa dole gumba. Mzee akamuuliza ana vyombo vingapi vya kuchomeka, akahesabu viwili, akamuuliza spika zake ni zipi ili asimpe risiva isiyoelewana nazo, kisha akamwonyesha kisanduku cha rafu ya chini kabisa. Meneja mauzo alikuwa amesimama pembeni, ametoa macho kama mtu anayeona basi lake likiondoka.

Ni meneja huyo huyo aliyebuni utaratibu wa Dakika Arobaini, yaani kila nyumba ifungwe ndani ya muda huo. Mzee aliupokea vizuri sana. Alitumia dakika arobaini kupima chumba, kisha akaanza kazi. Nikaulizwa kwenye simu, "Dada, huyu fundi wenu amekuja kufunga redio au kununua nyumba?" Nikajibu kwamba yuko kwenye hatua za awali.

Lakini simu za kumwita zilikuwa nyingi zaidi, hasa kutoka kwa waliojifungia vyombo wenyewe. Kuna aliyezipanga spika zote tano chini ya televisheni, mstari mmoja, kama watoto wanaosubiri kupigwa picha ya shule, akashangaa kwa nini helikopta ya kwenye filamu haipiti nyuma yake. Kuna aliyechanganya waya mwekundu na mweusi kwenye spika moja, akaishi mwaka mzima na sauti inayotoka kama mtu anaongea ndani ya pipa, akidhani ndiyo mambo ya kisasa. Kuna mama aliyekifunika kisanduku kwa kitambaa kizuri alichokifuma kwa mkono, kikawa kinajizima kila baada ya robo saa kwa joto. Mzee hakumwambia akitoe. Alimwomba afume kingine cha mezani, kile akakihamishia juu ya spika ya besi, na mama yule hadi leo anatuulizia hali yake.

Sasa nifike kwenye kosa lake kubwa, ambalo amelirudia kwa miaka yote bila dalili ya kujirekebisha. Risiva nyingi huja na maiki ndogo. Fundi anaiweka pale msikilizaji anapoweka kichwa, mashine inapiga filimbi zake kwenye spika moja baada ya nyingine, halafu inajipanga kulingana na masikio ya mahali pale. Kijitabu kinasema maiki iwekwe kwenye kiti kikuu. Fundi mwingine yeyote angeiweka kwenye kiti cha mwenye nyumba, akapewa soda akaondoka. Mzee Futi huuliza, "Nani anakaa hapa?" Akishajibiwa, haamini. Anaomba televisheni iwashwe, anajifanya anahangaika na nyaya nyuma ya kabati, na anaangalia ni nani hasa anayekuja kukaa.

Wiki tano zilizopita tulimfuata Mkurugenzi kuomba kitengo kisifutwe. Alikuwa muungwana. Alisema nyumbani kwake wanahamia sebule mpya, twende tukamfungie. "Nikisikia, ndipo nitaamua," akasema, na tayari alikuwa amechagua risiva yeye mwenyewe kutoka chumba cha maonyesho: chaneli kumi na moja, kila moja na spika yake, uzito wa kubebwa na watu wawili. Mama Pacha hakulala vizuri usiku ule. Mimi nilianza kukusanya vikombe.

Nayajua yaliyotokea kwa sababu Mama Pacha alinisimulia mara tatu, na kila mara alikuwa anajishika kichwa mahali palepale. Mzee alipima sebule, ukuta mmoja wa vioo, dari ya chini, akasema spika kumi na moja hapa zitakuwa zinapigana vikumbo. Akairudisha risiva ya Mkurugenzi kwenye gari. Akaingiza ya chaneli tano. Kisha akauliza swali lake, na nyumba nzima ikaonyesha kiti cha ngozi cha Mkurugenzi, katikati, chenye sehemu ya kuegemeza miguu.

Televisheni ikawashwa. Kwa saa mbili Mkurugenzi alikuwa chumba cha pili anaongea na simu. Watoto walipita wakienda na kurudi. Mtu pekee aliyekaa ni mama mkwe wake, mwisho wa kochi, karibu na kabati la vyombo, sikio lake moja linalosikia limegeuzwa kwenye spika. Kila baada ya muda aliuliza, "Amesemaje?" Na yeyote aliyekuwa anapita alimjibu, "Si kitu, Bibi." Mama Pacha alihesabu hizo "si kitu" hadi kumi na nne akaacha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa na haraka tu, na mchezo ulikuwa unaendelea. Aliponieleza hapo nilishindwa kupokea simu iliyokuwa inaita mezani, na ni kazi yangu kuipokea.

Mzee akapanga mito mwisho wa kochi na kuisimamisha maiki juu yake, usawa wa sikio la bibi. Mama Pacha alimsihi kwa sauti ya chini, "Mzee, nakuomba, weka kwa bosi. Tutakula wapi?" Mzee akamjibu bila kugeuka, "Bosi anasikia vizuri." Kisha akawatoa watu wote nje uani ili mashine ipige filimbi zake katika ukimya, Mkurugenzi akiwemo, na simu yake, na soksi bila viatu. Baadaye akaipandisha spika ya katikati, ile inayobeba maneno, na kuipunguza besi mpaka ikawa na adabu.

Mkurugenzi akaketi, akaweka filamu ya vita. Mabomu yakalipuka kwa staha. Akageuza kichwa huku na huku, akasema, "Hii imekaa upande."

"Ndiyo," Mzee akasema. "Imekaa upande wa Bibi."

Mama Pacha alianza kukunja nyaya za akiba polepole, kama mtu anayekunja nguo za safari isiyo na kurudi. Filamu ikatolewa, ikawekwa tamthilia ya bibi, wajukuu wakaketi. Kwenye utani wa kwanza bibi alicheka kabla yao. Wajukuu walimgeukia wote kwa pamoja. Dakika chache baadaye mmoja aliyetoka kunywa maji akauliza amekosa nini, na bibi akamsimulia kila kitu, na sauti za wahusika akaziigiza. Mzee akachukua ngazi yake, wakaondoka.

Wiki tatu zikapita bila jibu. Meneja mauzo alianza kunisalimia kwa upole, jambo lililonitisha kuliko barua yenyewe. Mama Pacha alikwenda stoo kuangalia panakaaje. Nilimkasirikia Mzee, na nasema wazi: nilimuuliza ingemgharimu nini kuweka ile maiki mahali pa kawaida kwa siku moja tu, kwa ajili yetu. Alisema kama angefanya hivyo, Mama Pacha angerithi kazi ya kuwapendeza wakubwa, na hiyo ina mafundi wengi tayari. Sikumsemesha siku mbili.

Jumatatu iliyopita simu ikaita, na hakuwa katibu muhtasi, alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Nikafungua daftari la malalamiko, ukurasa mpya, nikaandika tarehe. Aliongea kama mtu anayeomba kitu dukani. Alisema kile kiti cha ngozi amekisogeza, sasa kiko mwisho wa kochi, kinagongana na kabati la vyombo, na sauti ya kule ni nzuri ila imempimia mtu mmoja. "Mje mpime tena," akasema. "Siku hizi tunakaa wawili."

Nikampelekea Mzee habari mbio, kalamu bado mkononi. Hakunyanyuka. Alifungua futi kiunoni, akamkabidhi Mama Pacha, akamwambia gari linawashwa kwa kukanyaga klachi mara mbili. Kisha akaja kukaa mezani kwangu, anakunywa chai kwa muda mrefu kuliko chai yenyewe ilivyokuwa nyingi, akiitazama simu. Mama Pacha alirudi jioni, amechoka, anacheka. Barua ikafika siku iliyofuata, mistari mitatu: kitengo kinabaki, na fundi mkuu wake ni yeye. Meneja mauzo ametupongeza na kutukumbusha Dakika Arobaini.

Mzee wetu, kwa niaba ya kitengo ambacho bado kipo, tunakushukuru, pamoja na zile siku mbili ambazo nilikununia bila haki. Tunakutakia ustaafu mrefu, afya njema na asubuhi zisizo na ngazi. Jana mkeo alipiga simu hapa. Anasema mna risiva tatu chini ya kitanda, ndani ya maboksi, tangu watoto wakiwa shule, na hajawahi kusikia hata moja ikilia. Nimemwandikisha kama mteja. Fundi mkuu atafika Jumatatu saa tatu asubuhi kupima sebule. Tafadhali, usimwelekeze.