Mbiu ya Miche ya Kahawa

ELISARIA: Haloo? Ni nani? Sema kwa nguvu!

KAANAELI: Ni mimi, Kaanaeli, mdogo wako. Shikamoo kaka.

ELISARIA: Marahaba. Uko Arusha?

KAANAELI: Niko posta. Karani amenipa dakika chache tu, anasema— [waya unakwaruza]

ELISARIA: Nasikia nusunusu! Haya, habari za mbiu? Mama kanitumia salamu huku Moshi, miche yangu elfu mbili iko kitaluni Kikwe na hajatokea mnunuzi hata mmoja. Mvua zinakatika! Yule mpiga mbiu Lemburis alitangaza kweli, au alikula tu beberu niliyemlipa?

KAANAELI: Alipiga.

ELISARIA: Masoko yote matatu?

KAANAELI: Yote. Arusha, Usa, hata Kikwe nyumbani.

ELISARIA: Kwa Kimeru na kwa Kimaa, kama tulivyokubaliana?

KAANAELI: Hapo… sina hakika.

ELISARIA: Huna hakika! Nilikutuma ukasimame sokoni umsikilize!

KAANAELI: Nilisimama.

ELISARIA: Sasa?

KAANAELI: Kaka, lile baragumu la boma la serikali, Lemburis alipewa na nani?

ELISARIA: Mimi. Nilimwandikia askari wa huko barua, mimi karani bwana! Sauti yake inavuka mabonde mawili.

KAANAELI: Ptuu!

ELISARIA: Unatema mate kwenye simu ya serikali?

KAANAELI: Natema. Inatia kinyaa, kaka. Kinyaa kabisa.

ELISARIA: Wewe, mbona— si wenyewe mnasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo?

KAANAELI: Ndiyo. Na jambo lenyewe watu wanalijua: kodi, au kubebeshwa mizigo. Baragumu lilipolia Usa, soko zima lilikimbilia porini. Wanawake waliacha maziwa yanamwagika. Bibi Naipanoi alikanyagwa mguu, mpaka leo hatembei.

ELISARIA: Mungu wangu. Na Lemburis?

KAANAELI: Akaendelea kutangaza! Mwenyewe kaniapia, neno kwa neno, mara tatu, lugha zote mbili. Ulichokinunua umepewa. Aliwatangazia mbwa na ndizi.

ELISARIA: Kwa hiyo ulimsikia—

KAANAELI: Kaniapia, nimesema. Mimi sikusikia.

ELISARIA: Kwa nini?

KAANAELI: [waya unavuma] Nilikuwa nimeshaingia migombani.

ELISARIA: Ulikimbia? Wewe ulijua ni mbiu ya miche!

KAANAELI: Nilijua. Miguu haikujua. Mwaka juzi lilipolia hivyohivyo nilibebeshwa mizigo mpaka Kondoa. Bega hili… basi.

ELISARIA: Sikuwaza hilo.

KAANAELI: Ungewazaje? Uko mezani na wino.

ELISARIA: Haya, haya. Arudie basi, bila baragumu. Kwa mdomo tu.

KAANAELI: Nani atamsubiri? Juzi kaja sokoni Kikwe kununua chumvi, mikono mitupu. Watu kumwona tu, mbio!

ELISARIA: Basi waambie wewe! Wewe ni mtoto wa hapo, watakuamini. Miche itakufa, Kaanaeli, miaka miwili ya kazi—

KAANAELI: Niliwaambia. Jumapili, baada ya ibada. Nikasema kaka zangu, dada zangu, ilikuwa miche tu, njooni mchukue.

ELISARIA: Wakasemaje?

KAANAELI: Wakauliza ni nani aliyelitoa baragumu bomani.

ELISARIA: Ukawajibu nini? … Kaanaeli? Ukawajibu nini?

KAANAELI: Nilisema simjui.

ELISARIA: Mimi? Ndugu yako wa tumbo moja?

KAANAELI: Karani anataka simu yake, kaka, ananivuta—

ELISARIA: Subiri! Na mama? Mama alikuwepo, akanyamaza?

KAANAELI: Hakunyamaza. Mama ndiye aliyetangulia kusema hakujui. Haya, kwaheri kaka, kwa—

ELISARIA: Haloo? Haloo!