Upepo Uligeuka Mchana Kweupe

Benchi letu liko Nkwenda, mbele ya duka la Zubeiri, pale njia ya mpakani inapokutana na njia ya sokoni. Mimi Othman ndiye mpika kahawa wa hapo. Babu yangu alitoka pwani na msafara, akaniachia birika na mdomo, na vyote viwili bado vina moto. Watu wa huku kahawa wameizoea ya kutafuna. Hii ya kunywa wanaifuata kwa ajili ya maneno, na maneno makubwa ya benchi hili ni hewa. Sijui yalianzaje, ila hapa kwetu mtu haaniki, haezui nyumba, hapandi hata maharage kabla hajapita kuuliza, "Wazee, mnaonaje huko juu?" Nao wazee wangu, Mungu awasamehe, sijawahi kuwasikia wakisema hawajui.

Basi asubuhi ile, Machi ndiyo imeanza, walikuwa wamekaa watatu na hakuna aliyetaka kutazama upande wa sokoni. Nyuma ya soko, juu kidogo, nyumba ya Mama Placidia ilikuwa imesimama uchi. Fito tupu, kama mbavu za ng'ombe wa njaa.

Juzi yake mama huyo alikuja hapa kuuliza. Ni mjane, jina lake mwenyewe Adelgunda. Tangu mumewe afariki, shemeji yake wa Kibingo anamwambia kila siku ahamie kule, kibanja cha migomba akiache mikononi mwa ukoo. Yeye akakataa. Alisema nyumba ya mumewe ikisimama, na yeye amesimama. Akakata nyasi mwenyewe, akaomba watu wa kuezeka kabla ya masika. Kwa desturi ya hapa, leo mnaezua, mnanyoosha fito, kesho ndiyo mnaezeka, kwa hiyo nyumba hulala wazi usiku mmoja. Ndiyo maana akauliza. Na benchi likamjibu, "Ezua, mama. Jua lipo."

Jana asubuhi wakaezua. Jana alasiri ikashuka mvua ya mawe, mawe ya kujaza kikombe! Mbegu zake za maharage zilikuwa darini, zote za msimu. Zimelowa, zimevimba, hata ukizipanda zitaoza. Ukuta wa upande wa jiko umelala chini. Roho iliniuma, nasema kweli. Na hawa wangu watatu walifika mapema, wakaanza kutafuta mwenye makosa.

Wa kwanza ni Zubeiri mwenye duka, tunamwita Redio, kwa sababu Nkwenda nzima redio ni yake peke yake.

— Redio haikukosea, akasema. Mimi niliisikia kwa masikio haya. Ilisema upepo umegeuka, unatoka kusini, na mvua itachelewa Jimbo la Ziwa lote.

— Jimbo la Ziwa ni kubwa, bwana! Huyo alikuwa Rwezaura, mtu wa Muleba, mpima kahawa ya wakulima. Tunamwita Karani. Huvaa soksi hata kwenye tope. — Yawezekana walisema Musoma.

— Juzi hukusema Musoma. Juzi ulisema, "Ezua, mama."

— Nilisema kwa kukufuata wewe!

— Na mimi nilisema kwa kumfuata Mzee Mawingu.

Mzee Mawingu ni Kahigi, mkulima, Mnyambo wa hapa hapa. Kapewa jina hilo kwa sababu hakutazami usoni ukisema naye, anatazama juu. Akamalizia funda lake bila haraka.

— Wenzangu, wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikaona huyu sasa ananitafuta. Nikamwambia:

— Mzee Kahigi, yule mama alisikia la mkuu. Ndivyo alivyovunjika.

— Wewe pika kahawa, Othman.

— Napika. Ila methali hiyo irudishe ulikoitoa.

Karani akakohoa, akavuta soksi zake.

— Tusigombane. Jambo hili lina elimu yake. Kuna upepo wa ziwani, wenye maji. Kuna upepo wa Ruanda, mkavu, wa baridi. Jana zilikutana juu yetu hapa. Huyu hataki kupisha, yule hataki kupisha.

— Kama madume mawili zizini, akasema Mawingu.

— Hasa! Sasa zikipigana huko juu, jasho lao ndilo mvua, na pembe zinazokatika ndizo mawe.

— Loo! nikasema. Pembe tena!

— Na kwa nini zipiganie hapa, zisipiganie Ihanda? Redio akauliza.

Mawingu akanyoosha kidole kuelekea kilimani.

— Kwa ajili ya yale mabati mapya ya misheni. Zamani upepo ulikuwa unapita Nkwenda kwa adabu, nyumba zote nyasi, unateleza tu. Sasa unafika pale, unapigwa na mng'ao usoni, unashtuka, unarudi nyuma. Ukirudi nyuma unamkuta mwenzako anakuja. Ndiyo hayo.

— Mabati? Mabati ni kitu kidogo, mzee. Redio akashusha sauti, akatazama huku na huku. — Wazungu wamelipua bomu baharini. Kubwa. Samaki wameiva majini. Nimesikia kwa masikio yangu. Tangu siku ile pepo zote za dunia zimepotea njia. Wa kusini anaamka yuko kaskazini. Utamlaumu nani? Hata huyo anayesema redioni hajui aliko.

— Kumbe ndiyo maana mwaka jana senene walikuja wachache! Karani akapiga goti. — Walipotezwa na bomu!

— Senene walikwenda Uganda, akasema Mawingu.

— Nani aliwaita Uganda?

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikawafia mdomoni. Fito za Mama Placidia zilikuwa pale pale. Nikawamiminia, nikiwa na hasira zangu. Mjane amenyeshewa, wao wamefika baharini wanahesabu samaki walioiva!

— Semeni mengine, nikawaambia, lakini nyie ndio mlimwambia aezue.

Hapo ikawagusa. Kila mmoja akataka kujitoa.

— Juzi kila mtu aliona jua, akasema Mawingu. Juzi hata mtoto angesema ezua. Lakini jana! Jana mimi nilijua. Msinifanye mjinga. Jua lilipopinda tu, moshi wa jiko langu ukalala, ukaelekea Ruanda. Nikasema moyoni, aa, huyu amegeuka. Nikawaita wanangu, tukaanua kahawa yote. Haikulowa hata punje.

— Hilo si ajabu, Karani akadakia. Mimi nilijua kabla yako. Siafu walikuwa wanahama, wamebeba mayai. Nikafunga ghala la sokoni, nikafunika mizani kwa turubai. Watu wakanicheka, jua kali vile! Baadaye nani alicheka?

— Nyote mlichelewa. Redio akajigonga kifua. — Mimi harufu. Upepo wa ziwani una harufu ya udongo mbichi. Nilikuwa hapa hapa mlangoni. Nikaingiza vitambaa, nikaingiza chumvi, nikapandisha magunia juu ya mbao. Ilipopiga jiwe la kwanza, duka langu kavu!

— Dalili ya mvua ni mawingu, akasema Karani.

— Mawingu ni mimi, akasema Kahigi, na kidogo wakafurahi tena. Mioyo yao ilikuwa imepata pa kukaa.

— Na wewe Othman? Redio akanigeukia. Mkaa wako uliuingiza saa ngapi?

— Mkaa wangu uache.

— Hodi, waitu.

Wote tukageuka kwa salamu hiyo ya heshima. Mama Placidia alikuwa amesimama kwenye kona ya duka, gauni limekaukia matope, mkononi ana kamba zimefungwa vizuri, duara juu ya duara. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama. Karibu. Karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Nimemletea baba Zubeiri kamba zake. Aliniazima za kuezekea. Hazikufunga kitu.

Zubeiri akazipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea maiti ya mtoto. Hakujua aziweke wapi, akaziweka mapajani.

— Pole sana, mama, akasema Mawingu. Maji yakimwagika… basi. Tutakuja. Tutakuezekea. Nyasi zipo.

— Nyasi zipo, baba. Ukuta haupo. Mbegu hazipo. Shemeji amekuja usiku ule ule na watu wa kubeba mizigo. Anasema masika imeanza, mwanamke hawezi kukaa nje na wala si heshima. Tunakwenda Kibingo leo.

— Na kibanja? akauliza Mawingu.

— Atakitazama yeye.

Sote tunajua shemeji akitazama kibanja, hageuzi tena macho. Huyu mama aliilima migomba ile kwa jembe lake tangu kifo cha mumewe, na mkungu wake wa kwanza kila msimu alikuwa anautuma hapa benchini, tule.

Akataka kuondoka. Kisha akasimama.

— Nilipokuwa pale kona nimewasikia. Kumbe mliuona upepo ukigeuka.

Mzee Kahigi akatazama juu, kama kawaida yake.

— Mimi sikuuona. Nilikuwa ndani nafagia majani yaliyoanguka, nimeinama. Alisema polepole, hana ubaya wowote usoni, na hilo ndilo lililotuumiza. — Baba Kahigi uliona moshi. Huyu bwana aliona siafu. Baba Zubeiri alisikia harufu. Na nyumba yangu mnaiona kutoka hapa mlipokaa. Mtu akiita, nasikia. Nilikuwa na watu wanane mle ndani. Tungetoa mbegu, tungetupia hata mikeka juu. Basi naomba niulize, mnisamehe. Mbona hakuna aliyeniita?

Karani akavuta soksi zake. Zubeiri alikuwa anafungua zile kamba na kuzikunja upya, kamba ambazo zilikuwa zimekunjwa vizuri kuliko atakavyoweza yeye.

Mama Placidia akangoja, kama mtu anavyongoja chenji dukani. Kisha akaitikia kwa kichwa, akasema, "Haya, waitu, mbaki salama," akateremka kuelekea njia ya Kibingo, ambako watu wa shemeji walikuwa wameshajitwika vyungu vyake.

Nikashika birika, lilikuwa bado zito. Nikazunguka nalo. Wote watatu wakafunika vikombe kwa viganja.

Baadaye akapita mtu na baiskeli, amebeba magunia ya kahawa mbichi. Akaweka mguu chini, akauliza kwa furaha, "Wazee, mnaonaje huko juu? Nianike leo?"

Mzee Kahigi alikuwa anatazama chini, mbele ya miguu yake. Akasema, "Sijui, mwanangu."