Kichupa cha Kifuniko cha Buluu

Dada: Haloo? Ni nani mwenzangu?

Kaka: Ni mimi, Profesa, kaka yako. Simu ya kuazima hii.

Dada: Shikamoo kaka. Afadhali umepiga. Vile vichupa viwili nilivyolaza jana kwenye friji ya mama, friza ya maabara ilipokufa—

Kaka: Vile vilivyolala na mayai? Utafiti mkubwa huo.

Dada: Nimefungua boksi ulilonitumia, kuna kimoja tu!

Kaka: Mtandao unakwaruza...

Dada: Haukwaruzi! Kiko wapi?

Kaka: Si ulisimama jikoni nusu saa ukinisomesha? Dawa inaingia ndani ya seli, inaamsha mito... mito nini—

Dada: Mitokondria. Ndizo zinazoipa seli nguvu. Na si dawa, ni peptidi, kipande kidogo cha protini. Tumeijaribu kwenye kisahani cha maabara tu. Kisahani, kaka!

Kaka: Mama naye ana seli. Sahani pia anazo.

Dada: Umempa mama?

Kaka: Kwenye chai, asubuhi. Daktari anasema mwili unaweza, yeye miezi mitatu hataki kuinuka kitandani. Nyinyi mnaamsha visahani, mimi nitazame tu?

Dada: Kifuniko rangi gani?

Kaka: Sasa kifuniko kinahusu—

Dada: Rangi gani!

Kaka: Buluu.

Dada: [kimya]

Kaka: Usininyamazie bwana. Nimemuua?

Dada: Peptidi iko kwenye chekundu, ninacho hapa. Buluu ni maji ya chumvi matupu, ya kulinganishia na peptidi. Hongera, daktari. Umemtilia mama chumvi kwenye chai.

Kaka: Acha utani. Mbona ameinuka?

Dada: Nani?

Kaka: Mama! Yuko mlangoni, amekaa juani, ananiambia sijui kufagia. Nilipiga nikuombe kichupa kingine.

Dada: Ulimwambia nini ulipompa?

Kaka: Kwamba umemtengenezea wewe. Kwa mikono yako. Nikakaa naye mpaka akamaliza kikombe.

Dada: Kwa mikono yangu?

Kaka: Maana jana ulipitia kulaza vichupa. Chumbani kwake hukuchungulia.

Dada: Nilikuwa na haraka, kaka.

Kaka: Najua. Vichupa vingeharibika.

Dada: [anapenga kamasi] Usimpe kitu kingine. Nakuja.

Kaka: Anauliza dozi ya jioni. Nimdanganye nini?

Dada: Usimdanganye. Nitamwambia mwenyewe kwamba ilikuwa chumvi. Nikiwa nimemshika mkono.

Kaka: Atakucheka.

Dada: Anicheke. Na chai nitapika mimi, wewe usi—

Kaka: Salio linaisha! Unakuja saa ngapi?

Dada: Sasa hivi, nafunga tu fri—

Kaka: Haloo? Haloo?... Mama, kaa hapohapo. Dozi inakuja kwa miguu.