Tiketi ya Roy Iko Kaunta

Kijiwe chetu kiko Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, pale lori za mawe hupunguza mwendo zikitaka kugeuka kwenda machimboni. Ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ambayo mafundi walikataa kununua kwa sababu yalikatwa vibaya, na mbele yake ni jiko la Nyaguthii na birika lake la kahawa. Siku za kawaida hapo ndipo serikali huangushwa asubuhi na kurudishwa kabla ya chakula cha mchana. Lakini Alhamisi hiyo ya mwaka wa 2003 hakuna aliyetaja serikali. Mukai, mke wa rafiki yetu Kimeu, alikuwa bado mochari wiki ya pili. Kaburi tulilichimba Jumamosi, na mtoto wao wa pekee, Roy, alikuwa hajafika kutoka Amerika. Kimeu mwenyewe alikaa mwisho wa ubao, amevaa koti zito na jua linawaka. Mimi nilikuwa na hasira, sifichi. Nilikuwa mmoja wa waliochimba, na mwamba wa Kitengela hauchimbwi kwa mzaha.

Tulichimba kwa sababu tuliambiwa Roy yuko njiani. Kimeu alikuwa amelipa tiketi Nairobi, kwa ajenti mmoja anayeitwa Timothy, yule yule aliyemsafirisha Roy mwaka wa tisini na saba. Utaratibu ni kwamba unalipa huku, ajenti anatuma ujumbe, na tiketi inamngoja msafiri kaunta ya ndege kule aliko. Anaenda na pasipoti, anapewa, anapanda. Basi Jumamosi tukachimba asubuhi, mchana tukaenda uwanja wa ndege kumpokea. Watu walitoka na masanduku yao mpaka wakaisha, Roy hakuonekana. Na kaburi likishachimbwa watu wetu hawapendi lilale wazi, wanaogopa litamtaka mtu mwingine. Tukalifunika kwa mabati tuliyoazima kwa jirani, Musila, na kuweka mawe juu. Usiku upepo ukivuma mabati hupiga kelele, na nyumba ya Kimeu iko hapo tu.

Aliyeanza siku hiyo, kama kawaida, ni Rubani. Jina lake ni Mulinge. Tunamwita Rubani kwa sababu zamani alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Embakasi, na tangu hapo hakuna ndege inayopita juu yetu bila yeye kutuambia inatoka wapi.

Rubani: Mimi nilisema. Nilisema kutoka siku ya kwanza. Tiketi unanunua kwa ndege wenyewe, kwa ofisi yao pale taoni. Unapewa karatasi, unashika na mkono. Hii maneno ya ajenti ni kupeana pesa kwa mtu mwenye hana hata ndege moja.

Landilodi: Na wewe ukienda kwa hao wenyewe utawaambia nini? Wale wasichana wa skafu hata hawakuangalii.

Huyu wa pili ni Sironka. Aliuza shamba la baba yake ploti kwa ploti, akabaki na jina hilo la Landilodi na ng'ombe wachache.

Landilodi: Timothy alitupeleka Denmaki, kwaya ya kanisa yote. Hakuna mtu alipotea.

Rubani: Mlirudi bila ngoma.

Landilodi: Ngoma ni ndege ilipoteza! Ajenti habebi mizigo. Kubeba ilikuwa kazi yenu.

Nyaguthii alicheka kidogo, akamwona Kimeu, akaacha. Alimmiminia kikombe kingine juu ya kile ambacho hajakinywa.

Landilodi: Sikia, Rubani. Mimi nikipeleka ng'ombe soko kule Kajiado siendi kwa mwenye bucha moja kwa moja. Niko na broka. Broka anajua nani ako na pesa na nani amekuja kushikashika ng'ombe tu. Sasa ajenti ni broka wa ndege. Ukiruka broka, utarudi nyumbani na ng'ombe yako.

Rubani: Na huyo broka hula wapi? Si ni kwa hiyo hiyo ng'ombe?

Landilodi: Anakula, lakini ng'ombe inauzwa!

Rubani: Sasa hii ya Roy imeuzwa? Ako wapi?

Nikamgeukia Kimeu.

— Baba Roy, Timothy alisema nini jana?

— Alisema tiketi iko.

— Iko wapi?

— Kaunta.

Hayo ndiyo majibu aliyokuwa akitupa tangu Jumapili, na sisi tulikuwa tumeyachoka. Mtu akikupa jibu moja siku tano unatafuta majibu mengine mwenyewe. Na pale kijiweni hatujawahi kukosa majibu.

Rubani: Nitawaambia chenye kilifanyika. Ndege huuza kiti moja kwa watu watatu. Niliona na hii macho. Sasa siku ya safari wakija wote, yule alinunua kwa ofisi yao anapanda. Yule wa ajenti anaambiwa ngoja wiki ijayo. Roy anangoja tu, kijana wa watu.

Landilodi: Hapana. Hiyo ni kompyuta. Timothy alituma ujumbe asubuhi ya huku. Kule bado ni usiku wa jana. Kompyuta ikaona ni tarehe imepita, ikafunga. Buking ya Roy ilikuwa ya siku imeisha.

Rubani: Kwa hivyo Roy alifaa kupanda ndege ya jana.

Landilodi: Cheka, lakini ndivyo iko.

Nyaguthii: Mimi naona ni karani wa ajenti. Wale wasichana wa ofisi. Ameona jina ni Roy, na kuna Roy mwingine ako na haraka na amemletea soda. Akampatia.

Rubani: Ama alipanda vizuri, akashukishwa London. Ndege ikikuwa nzito wanatoa watu. Wanaanza na wale wa ajenti.

Nyaguthii: Ashukishwe London na asipige simu siku tano?

Rubani: Simu ya London utapiga na nini? Hao hawana simu ya jamii ya kibandani kama hapa.

Landilodi alivuta shuka lake, akashusha sauti, na nikajua linalokuja si zuri.

Landilodi: Nyinyi mnasahau yale majumba yalianguka Amerika. Siku hizi kijana mweusi akienda na koti kubwa uwanja wa ndege, akichukua tiketi ya kulipiwa na mtu mwingine nchi ingine, si wanamshika? Wanamweka chumba, wanamuuliza maswali. Huyo Roy sasa hivi anaulizwa maswali.

Kimeu aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Nilitamani kumrushia Landilodi kikombe.

Rubani naye badala ya kuona kwamba tumefika mbali, akapita hapo akaenda mbele zaidi.

Rubani: Ama kuna mtu alipanda na tiketi yake. Timothy akatafuta mtu huko, akamwambia jina yako ni Roy sasa. Akafika hapa Jumamosi, akatupita pale tumesimama na maua, akaenda zake. Hiyo jina inatembea Nairobi, mwenyewe hajui.

Landilodi: Tungemjua si Roy.

Rubani: Imekuwa miaka sita. Pengine hata Roy mwenyewe alitupita.

— Ningemjua, alisema Kimeu.

Alisema polepole, bila hasira, na Rubani akaomba radhi kwa kusogea kidogo kwenye ubao. Mimi nilikumbuka siku tuliyomsindikiza huyo Roy. Machimbo yalitoa lori mbili na tulijaa humo kama tunaenda harusini, akina mama wanaimba kutoka Kitengela hadi Embakasi. Mukai alikuwa mbele, leso mpya ya rangi ya machungwa kiunoni. Tukapanda pale juu pa kutazamia ndege, tukaipungia ndege mkono kwa bidii, wengine wanalia, mpaka mlinzi akatuambia hiyo ni ya mizigo na ya Roy iliondoka zamani. Mukai aliicheka hadithi hiyo miaka yote sita. Kila mgeni alihadithiwa.

Pikapu ilisimama kando ya barabara. Aliyeshuka ni Celine, mama wa hema na viti. Watu wa kijiweni humwona kwenye shughuli tu, harusi au matanga, na si mwenzetu wa kukaa. Viti vyake vilikuwa nyumbani kwa Kimeu tangu Ijumaa, vimepangwa chini ya hema. Kimoja cha mbele kabisa kilifungwa ile leso ya machungwa ili mtu asikikalie. Kilikuwa cha Roy. Kimeu alikuwa amesema hakuna udongo utakaotupwa kabla ya mtoto kutupa wake wa kwanza.

— Hamjambo wazee. Baba Roy, pole tena. Nimekuja tu kuulizia ile mambo ya viti. Niko na harusi Isinya Jumamosi, na sitaki kuwasumbua.

Nyaguthii alimpa kahawa, na sisi, kwa ukarimu wetu, tukampa hadithi. Rubani alimweleza kuhusu kiti kuuzwa mara tatu. Landilodi akaeleza kompyuta na tarehe ya jana, akaruka lile la kukamatwa, akarudi kulitaja. Mimi pia nilisema neno. Nilisema huyo Timothy tungeenda kumtoa ofisini kwake kwa kola, watu wa machimbo wote. Celine alisikiliza huku anapuliza kahawa. Tulipomaliza, alituangalia mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mahali alipopotelea.

— Lakini huyo Roy, aliuliza, yeye mwenyewe alisema anakuja?

Landilodi alimtazama Rubani. Nami nilijikuta natazama viatu vyangu, vilivyo na vumbi jeupe la kaburi la Mukai. Wiki nzima tulikuwa tumemjadili ajenti, ndege, kompyuta na Amerika yote, na hilo hakuna mmoja wetu aliyeliuliza. Siwezi kusema halikunipitia akilini. Lilinipitia Jumamosi ile ile, pale uwanjani, nikalifukuza, kwa sababu kumlaumu Timothy kulikuwa rahisi zaidi.

Lori ya mawe ilipita, vumbi likatua juu ya vikombe. Ilipokwisha kupita, Kimeu alisema:

— Alisema pole.

Alikizungusha kikombe chake juu ya ubao, akaendelea.

— Nilimpigia ile siku mama yake alituacha. Alilia sana, nikamngoja amalize. Halafu akaniambia, Baba, makaratasi yangu ya huku yaliisha kitambo. Nikitoka hapa sirudi tena. Nikamwambia basi usirudi, kuja uzike mama yako, hata hapa watu wanaishi. Akasema tena pole. Simu ikakatika. Nikipiga sasa haichukuliwi.

Landilodi: Sasa tiketi ni nani aliitisha?

— Hakuna mtu aliitisha. Ni mimi. Nilifikiria akisikia imelipwa, iko hapo kaunta na jina yake, ataona aibu. Ataenda tu achukue. Timothy hajakula kitu ya mtu. Aliniambia, mzee, ngoja kijana athibitishe kwanza. Nikamwambia wewe tuma. Kila asubuhi namuuliza kama imechukuliwa, anaangalia, ananiambia bado iko.

Landilodi alimwekea Kimeu mkono begani na kusema neno la Kimaasai ambalo sikulielewa. Mimi hasira yangu yote iliniishia hapo hapo. Ilibaki huzuni tu, na aibu kwa ajili ya mtu wa Nairobi nisiyemjua sura, niliyekuwa nimemhukumu siku tano mfululizo.

Nyaguthii aliinua birika ili atuongeze. Yalitoka mashapo tu. Akaliweka chini taratibu asitoe mlio.

Celine ndiye aliyebaki amesimama, kikombe mkononi, na uso wa mtu aliyevunja kitu nyumbani kwa wenyewe.

— Nisamehe, Baba Roy. Sikujua.

— Umeuliza vizuri, Kimeu alimwambia. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

Alikunywa kahawa yake iliyokwisha kupoa, yote, kisha akanigeukia mimi.

— Yale mabati ni ya nani?

— Ya Musila.

— Kesho asubuhi muyatoe, mumrudishie. Tunazika kesho.

— Na udongo wa kwanza? aliuliza Landilodi.

— Nitatupa mimi.

Kisha akamwambia Celine aviache viti mpaka kesho jioni, harusi ya Isinya isikose kwa ajili yake. Celine akashukuru, akaanza kurudi kwenye pikapu. Kimeu akamwita.

— Ile moja ya mbele, yenye imefungwa leso. Hiyo unaweza kubeba sasa.

— Na leso niiweke wapi?

— Fungua uniletee, alisema Kimeu. Naenda mochari. Nitamfunika nayo.