Dakika Tano za Jua kwa Akiru

Ejok, ndugu zangu! Jina la Bwana liinuliwe hapa Kakuma. Mnivumilie leo, nimesimama na shukrani, lakini hasira pia ninayo.

Mnamjua binti yangu Akiru. Alipokuwa na miaka minne alitokwa na baka jeupe karibu na mdomo, dogo kama punje ya mahindi. Halafu magoti, halafu vidole. Nani alikuja kuniuliza mtoto ana nini? Mlivuta watoto wenu kando! Mama mmoja wa kwaya, na yuko hapa, aliniambia, "Mama Akiru, huyo wako wa ukoma si umkalishe nje na punda?" Watu wakacheka. Nilienda nyumbani nikamficha mtoto ndani mwaka mzima. Mimi, niliyesoma mpaka kidato cha nne!

Kisha nikasikia daktari wa ngozi amefika Lodwar. Nikapanda lori na mtoto. Daktari akasema si ukoma, si laana, ni mbalanga, ngozi inapoteza rangi yake tu, na haiambukizi. Akanipa dawa ya kupaka kwenye mabaka. Nikishapaka ningoje kidogo, nimweke juani dakika tano tu, kisha nimwoshe na kumfunika. Dawa hiyo hufanya kazi na mwanga, alisema. Kwingine wana mashine za taa, sisi tutumie jua. Nilicheka. Mturkana aandikiwe jua na daktari!

Ndugu zangu, Pasaka ilikuwa karibu. Nilitaka mumwone amepona, mnyamaze. Nikasema, kama dakika tano zinasaidia, asubuhi nzima itamaliza kazi. Nikampaka, nikamwacha uani, nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa analia, magoti yamejaa malengelenge, mdomo umevimba. Si shetani aliyemchoma. Ni mimi! Na nilifanya hivyo kwa ajili ya macho yenu!

Nikarudi Lodwar nikijua nitagombezwa. Daktari alimfunga vidonda, akaniuliza tu, "Mama, haraka hii ni ya mtoto ama ni ya nani?" Nililia pale kwenye benchi mbele ya wagonjwa wote. Nikamwambia Mungu ukweli: ninawachukia watu wa kanisa langu, na ninawaogopa kuliko ninavyompenda mtoto wangu. Hapo Bwana akanifungua!

Vidonda vilipopona, daktari akaturuhusu kuanza upya. Tulikaa uani, wazi, kila mpita njia anaona. Mama mkwe wangu alishika saa ya mkono, mimi nikamshika mtoto. "Bado... bado... toa!" alipiga kelele kama refa. Na Akiru akawaambia waliosimama kushangaa, "Napikwa kidogo tu!"

Miezi ikapita. Siku moja nikaona nukta za kahawia ndani ya weupe wa magoti. Haleluya! Mdomo bado ni mweupe, na daktari amesema huenda ukabaki hivyo. Na ubaki. Sitamficha tena.

Mama wa kwaya, nimekusamehe. Nikikuona bado nabadili njia, lakini Bwana ananishughulikia.

Na wewe mama uliyemfungia wako ndani, usidhani hatujui. Nikipita kwako namsikia akiimba peke yake. Usingoje ngozi yake ibadilike. Mtumaini Mungu, mlete Jumapili. Akiru anakaa benchi la mbele, na ameshasogea kumwachia nafasi.