Alama Tano ya Agata Thiessen

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja ingawa hamkualikwa, mimi ni Irina, mjukuu wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kila tarehe nitakayoitaja nimeihakiki kwenye karatasi, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha aje na karatasi yake.

Bibi yetu Agata Thiessen alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, katika kijiji cha Blumental, bonde la Talas, akiwa mtoto wa nne wa Kornelius Thiessen, seremala, na Anna, akasoma shule ya hapa hapa hadi Juni 1968, akawa wa kwanza katika hesabu, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaingia chuo cha ualimu wa hesabu katika mji mkuu, Frunze, ambacho mama ameniomba nisikitaje kwa jina, akiwa na nia moja tu, kurudi kufundisha.

Tarehe 17 Januari 1972, Jumatatu, akiwa mwaka wa nne, alifanya mtihani wa mdomo wa somo la kupinga dini, la lazima chini ya serikali ya Kisovieti, somo ambalo bila kulifaulu hakuna aliyepewa cheti, akachukua mezani tiketi ya swali namba 14, iliyouliza asili ya dini, akajibu kwa dakika ishirini kama kitabu kilivyosema, yaani kwamba mwanadamu alimbuni Mungu kwa sababu ya hofu, na mwalimu Kubat Sadyrbaev akamwandikia alama tano, ya juu kabisa. Alikuwa ameshapewa kijitabu chake cha alama mkononi, angeweza kutoka, lakini Sadyrbaev akataka kuchekesha darasa, akasema, “Haya, binti wa walokole, tumekuponya au bado unapiga magoti?” na bibi akajibu, “Umeniuliza kitabu kinasema nini, mwalimu, nimekwambia, ila mimi naamini.” Darasa likacheka, mmoja akapaza sauti, “Thiessen, mwombe Mungu wako akupe sita!” Sadyrbaev akasimama akauliza ni lipi alilosema la uongo, lile la kwanza au hili, naye bibi akasema, “Kitabu kinadai mtu huamini kwa hofu, sasa nitazame, miguu inanitetemeka, naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na hofu hiyo yote inaniambia nikane, kwa hiyo kinachonifanya niamini si hofu, na katika hesabu wenzako walitufundisha kwamba mfano mmoja unatosha kuangusha kanuni.” Sadyrbaev akakichukua kijitabu, akakata tano, akaandika mbili, yaani ameanguka.

Tarehe 2 Februari 1972 wanafunzi waliitwa mkutanoni, mikono arobaini na mmoja ikainuliwa ili afukuzwe, hakuna uliobaki chini, na mmoja ulikuwa wa Bi. Gulsun Osmonova, mwenzake wa bweni, aliyekuja baadaye kuwa mkuu wa shule yetu kwa miaka ishirini na sita, na ambaye leo ameketi benchi la pili.

Asidhani mtu kwamba nyumbani alipokewa kwa nyimbo, maana Jumapili iliyofuata, tarehe 6 Februari, Mzee Jakob Hamm, mzee wa kanisa letu, aliyepo pia leo, alimsimamisha mbele ya kusanyiko hili hili akamwambia, “Dakika ishirini umesema hakuna Mungu, na ukasema vizuri hata wakakupa tano, Petro alikana mara tatu tu!” akamtaka apige magoti atubu, bibi akasema, “Mjomba Jakob, magoti nimekataa kuyaficha kule, siwezi kuja kuyapiga hapa kwa kosa ambalo sikulitenda,” akatengwa na meza ya Bwana kwa miezi sita, na kila Jumapili ya miezi hiyo alikuja, akaketi karibu na mlango.

Kuanzia Aprili 1972 hadi 2005 alipima maziwa katika kituo cha ushirika, na wazazi, Wajerumani kwa Wakirigizi, walimletea watoto walioshindwa hesabu za Bi. Osmonova, akawafundisha palepale penye mizani. Tarehe 12 Mei 1974 aliolewa na Heinrich Dirks, dereva wa trekta, aliyefariki 2003, wakajaliwa Kornelius na mama yangu Elvira.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2017, na alifariki tarehe 9 Oktoba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya, majirani waliochimba kaburi na kukaanga maandazi madogo ya boorsok, na wafanyakazi wenzake wa kituo cha maziwa. Jana jioni Bi. Osmonova alitujia kuhusu neno tulilotaka kuandika kwenye ubao wa kaburi, akasema, “Mjukuu wangu, mwalimu ni mwenye cheti, msiniaibishe,” na baada yake Mzee Hamm akasema neno hilo ni majivuno, tuandike mstari wa Biblia. Tumewasikia wote wawili, na ubao wa kaburi uko nje, umepakwa rangi, umekauka, umeandikwa jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na neno moja, na asiyelipenda ainue mkono sasa, mbele ya bibi mwenyewe.

Naona hakuna.

Lala salama, mwalimu.