Mama Aika Apelekwa Ulaya

Mwaka ule wa kutawazwa Malkia, baraza ya duka la Manubhai mjini Arusha ilikuwa na benchi moja, na benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Efraimu, karani wa mnada wa ng'ombe, aliitwa Hakimu kwa wingi wa methali zake, si kwa usahihi wa kuzitumia. Paramjit, fundi wa malori, tulimwita Breki, kwa kuwa ulimi wake haukuwa nazo. Jamaludin aliuza kahawa, na maoni aliyatoa bure. Asubuhi hiyo, Meru ukiwa umejifunika mawingu hadi kiunoni, Sumari mshona viatu alifika amejiinamia. Yeye na mkewe walikuwa wameachana. Mke amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya mto Themi. Binti yao Aika, wa miaka minane, aliambiwa mama amekwenda Machame kumuuguza bibi.

— Mwezi wa pili huu, Sumari alisema. Kila jioni ananiuliza bibi atapona lini. Leo nataka kumwambia kweli. Nisaidieni maneno.

— Kweli mbichi hapewi mtoto, Hakimu akasema. Itamharisha.

— Uongo nao umenichosha.

— Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Basi tupite hiyo hiyo, tufike mapema.

— Methali hiyo inakataza, bwana, Jamaludin akasema huku akimimina.

— Inawakataza wenye miguu mirefu. Haya, bibi na azidiwe.

— Akizidi kuzidiwa itabidi tumzike, Sumari akasema, naye yu mzima, analima.

— Wacha bibi, Breki akaingilia. Sema daraja ya Kikafu imevunjika. Mama iko ng'ambo, nangoja mafundi.

— Mabasi ya Moshi yanapita kila siku, Breki. Mtoto anayaona.

— Hiyo basi naruka juu ya mto.

Jamaludin akatikisa kichwa.

— Nyinyi mnawaza karibu mno. Mpelekeni Ulaya. Malkia anatawazwa, kila nchi imetakiwa kutoa mpishi. Mama Aika anajua mtori, hajui?

— Hana mfano, Sumari akasema.

— Umeona? Malkia akishaonja, atamwachia arudi?

— Hapo umenena, Hakimu akaafiki. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atapewa na shamba, alime huko huko.

— Ndizi za mtori Ulaya zitatoka wapi? Sumari akauliza.

— Kwa ndege, Breki akasema. Mimi nakaza skrubu mbili tu, naruka.

Wakiwa bado wanaipakia ndege hiyo mikungu, Aika akatokea na kikapu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, wote wakaitika, kama darasa lililofumaniwa.

— Baba, nakwenda sokoni.

— Nenda, mwanangu.

Hakwenda.

— Jana mama aliniita, pale wanapouza ndizi. Nikajifanya sikusikia, kwa sababu umesema yuko Machame. Leo akiniita tena, niitike?

Breki akachunguza kucha zake. Jamaludin akamimina kahawa katika kikombe kilichokwisha kujaa. Hakimu akainama kufunga kamba za viatu.

Sumari akainuka, akampokea binti kikapu.

— Twende wote. Nitakueleza njiani.

Soko halikuwa mbali. Niliwaona wakishuka, na Sumari akienda polepole, kama mtu anayeiomba njia imwongezee kidogo.